Kifundo cha Mkono na Mchezo wa Sarakasi

Kwanza namshukuru mhariri kwa kunitengea nafasi hii. Mimi nilikuwa nimemletea shairi, lakini akaniambia mashairi yamefurika, nilete somo. Haya, nimeleta somo, na karo yake niliilipa kwa mkono wangu wa kushoto.

Wengi wenu mnanijua kama yule msichana aliyekuwa chini kabisa kwenye piramidi ya sarakasi Siku ya Wazazi, nikiwa kidato cha kwanza mwaka wa 2024. Wengine huniuliza mbona siku hizi nasimama kando na filimbi tu. Hili ndilo jibu, na naomba wanaocheza mchezo huu walisome hadi mwisho, hasa walio na wadogo zao nyumbani.

Sarakasi sikuianzia shuleni. Nyumbani kwetu si mbali na soko la Bokoli, na njiani kulikuwa na kiwanda kidogo cha sukari guru. Miwa ikishakamuliwa, makapi yake hutandazwa juani yakauke ndiyo yawe kuni za kuchemshia. Sisi watoto tulikuwa tunapita hapo jioni, mwenye kiwanda akigeuka tu, tunaruka kwenye lile rundo. Samasoti ya mbele, samasoti ya nyuma, kusimama kwa mikono, gurudumu, yote nilijifunzia kwenye makapi ya miwa. Miaka hiyo yote sikuumwa hata siku moja, isipokuwa siku tuliyoshikwa.

Nilipoingia sekondari nikajiunga na kikundi cha sarakasi. Tulifanyia mazoezi kwenye uwanja wa udongo mwekundu ulioshikana kama saruji. Kila jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, nilipiga samasoti za nyuma kama arobaini, zile za kugusa chini kwa mikono. Hizo ni mia mbili kwa wiki, na bado sijahesabu piramidi, ambapo nilipiga magoti na kuweka viganja chini huku wenzangu watatu wako mgongoni. Hakuna aliyenilazimisha. Nilipenda sana, na nilitaka tushinde.

Maumivu yalianza katikati ya muhula wa pili. Mwanzoni ni baada ya mazoezi tu, na asubuhi yameisha. Halafu yakawa yananipata nikijisukuma kwa mikono kuinuka kwenye dawati. Nikamwambia mkubwa mmoja katika mchezo, akanijibu, “Wewe zoea, kila mtu huumwa.” Basi nikazoea. Nilinunua bendeji sokoni, nikafunga. Nikawa nameza panadol mbili kabla ya mazoezi. Hiyo ilikuwa miezi minne. Siku moja jioni nasonga ugali, mwiko ukanitoka mkononi na sufuria ikapinduka. Mama hakugomba. Aliniangalia tu akasema, “Lete huo mkono.”

Kukhu alitaka kunikanda kwa maji moto na chumvi, na alinikanda kweli. Usiku ule nilisikia afueni kidogo, asubuhi kifundo kikavimba zaidi. Akasema tuite mzee mmoja anayejua kuvuta mifupa. Baba akakataa, tukaenda kituo cha afya.

Hapa naomba tusimame kidogo tuangalie neno, maana hili ni jarida la Kiswahili. Nilipofika kwa daktari (kwa kweli ni afisa wa kliniki, lakini huku kwetu wote ni daktari) nilimwambia, “Daktari, kiwiko kinaniuma.” Akashika mkono wangu pale unapokunjika katikati, akabonyeza, akanyoosha, akakunja. “Hapa?” Hapana. “Hapa?” Hapana. Karibu aniambie nirudi darasani. Kumbe mimi nilikuwa na kiwiko cha vitabuni na yeye alikuwa na kiwiko cha mtaani! Ziko kamusi zinazoeleza kiwiko kuwa pale kiganja kinapoungana na mkono. Lakini watu wengi wakisema kiwiko, wanamaanisha pale katikati, ambapo wengine huita kisugudi. Liko pia neno kilimbili, zuri sana, lakini ukilisema hospitalini nadhani wataita mkalimani. Ushauri wangu ni kusema kifundo cha mkono, na kugusa kwa kidole mahali penyewe panapouma. Katika somo hili nitasema kifundo.

Sasa tuingie ndani ya kifundo chenyewe. Kifundo cha mkono si mfupa mmoja. Kuna mifupa midogo minane, imepangwa kama kokoto katika safu mbili, na kutoka upande wa kisugudi inakuja mifupa miwili mirefu. Ule wa upande wa kidole gumba unaitwa radiasi, na ule wa upande wa kidole cha mwisho unaitwa alna. Ukisimama kwa miguu, mikono haina kazi ya kubeba mwili. Mguu umeumbwa kwa kazi hiyo, una mifupa minene na kisigino. Ukisimama kwa mikono, unaulazimisha mkono kuwa mguu. Karibu asilimia 80 ya mzigo inapita kwenye radiasi peke yake, na alna inapata iliyobaki.

Na mzigo wenyewe si uzito wako tu. Unapotua kwa mikono katika samasoti ya nyuma, nguvu inayopiga kifundo inaweza kufika mara mbili ya uzito wa mwili. Mimi wakati huo nilikuwa na kilo 45. Piga hesabu: ni gunia zima la mahindi la kilo 90, linadondoka juu ya kifundo, tena kikiwa kimepindwa nyuma kabisa. Mara mia mbili kwa wiki.

Mtu mzima anaweza kuumwa na kano au misuli. Lakini sisi tuna kitu ambacho mtu mzima hana, na hiki ndicho nilitaka hasa mkijue. Karibu na ncha ya mfupa mrefu wa mtoto kuna tabaka jembamba la gegedu. Hapo ndipo mfupa hurefukia. Gegedu hili ni laini kuliko mfupa wenyewe na ni dhaifu kuliko kano zinazoshikilia kiungo, kwa hiyo mzigo ukizidi, ndilo linaloumia kwanza. Kwa wasichana gegedu la pale kifundoni hufunga na kuwa mfupa mtupu kukua kunapokaribia kwisha, kwa wavulana baadaye kidogo. Na wakati wa hatari zaidi ni ule mtoto anaporefuka haraka, yaani ile miaka ambayo sketi ya Januari inakuwa fupi kufikia Agosti.

Gegedu la radiasi likipondwapondwa kila siku bila kupumzika, hupanuka na kingo zake huwa kama zimeparuzwa. Ukiacha mapema, linapona lenyewe, na mfupa unaendelea kukua. Ukiendelea kulipiga, linaweza kufunga kabla ya wakati wake. Radiasi inasimama, alna inaendelea kurefuka, na mkono unabaki na mifupa miwili isiyolingana. Hapo tena hakuna bendeji.

Mimi nilitumwa mjini Webuye kupigwa picha ya eksirei. Walipiga mikono yote miwili, hata ule mzima, ili walinganishe. Hata mimi ambaye sijui kusoma picha niliona tofauti: mkono wa kulia mstari wa gegedu ulikuwa mwembamba na safi, wa kushoto ulikuwa mpana na wenye ukungu. Niliambiwa nisiweke uzito wowote kwenye mkono ule kwa wiki nane. Nilitii, na maumivu yakaisha. Lakini picha ya mwaka uliofuata ilionyesha kwamba radiasi ya kushoto ilikuwa imefunga mapema. Tofauti ni milimita chache tu. Naandika vizuri, nasonga ugali, nachota maji. Nikisimama kwa mikono, hata dakika moja, upande wa kidole cha mwisho unachoma. Ndiyo maana nashika filimbi. Nikiulizwa ni nini kilichoniponza, si sarakasi. Ni ile miezi minne ya kuzoea.

Sasa nieleze vile mtu anaweza kujikinga, maana mchezo wenyewe sitaki uachwe.

Kwanza ni uwanja, na hapa nina maneno mengi kidogo. Udongo mgumu haupokei chochote, unarudisha nguvu yote mkononi. Tafuteni nyasi, au shoneni magunia mjaze nyasi kavu au makapi ya miwa (huku kwetu hayakosekani). Lakini kuna jambo ambalo sikulitarajia: kitu laini mno nacho ni kibaya kwa kusimama kwa mikono, kwa sababu kiganja kinazama na kifundo kinapindika nyuma zaidi. Godoro zee liwekwe pale mtu anapotua kwa miguu na mgongo. Mikono iwekwe pahali palipo na ulaini kiasi lakini pasipozama.

Pili, kupasha mwili moto. Wengi wetu tukitoka darasani saa kumi tunaruka moja kwa moja. Zungukeni uwanja mara mbili kwanza. Halafu kunja ngumi na kufungua, mara ishirini, na kuzungusha vifundo pole pole. Unganisha viganja mbele ya kifua kama anayeomba, uvishushe taratibu mpaka usikie mvuto, si maumivu. Halafu piga magoti, weka viganja chini, uinamie mbele kidogo. Kisha geuza vidole vitazame kando, kisha vitazame magoti. Msisahau mabega. Bega likiwa gumu halifunguki vizuri juu ya kichwa, kifundo ndicho kinalipia kwa kupindika zaidi ya kiasi. Nilikuwa na mabega magumu, na hakuna siku niliyafikiria.

Tatu, nguvu za mkono wa mbele, kati ya kisugudi na kiganja. Hakuna haja ya vyuma. Kukamua nguo iliyolowa, mara upande huu mara upande ule, ni zoezi kamili, na mama atafurahi. Chupa ya maji ya nusu lita: laza mkono kwenye dawati kifundo kikiwa nje ya ukingo, inua na kushusha chupa mara kumi na tano, kisha geuza kiganja kitazame chini urudie. Au chukua kijiti, funga kamba, mwisho wa kamba funga jiwe dogo, halafu ulivute jiwe juu kwa kuzungusha kijiti. Hili la mwisho wavulana wanalipenda kwa sababu wanashindana.

Nne, hesabu ya kazi. Kama Jumatatu ni ya mikono, Jumanne iwe ya miguu: kuruka, kupanda mabegani, kutua. Kifundo kinahitaji siku ya kupumzika katikati. Wanaojifunza kitu kipya waongeze kidogo kidogo, wasitoke kumi wakaingia hamsini kwa sababu mashindano yamekaribia. Na yule anayepiga magoti chini ya piramidi abadilishwe, asiwe mmoja kila siku kwa sababu eti ana mgongo mpana. Pushapu zinaweza kufanywa kwa ngumi, au kwa kushika vishikio, ili kifundo kibaki kimenyooka. Walimu wetu, hapa nasema kwa heshima: mwanafunzi akichelewa, kuna adhabu nyingi ambazo si pushapu hamsini kwenye changarawe.

Tano, na hili nimelipenda sana: kuweka alama ya kimo cha mtoto kwenye mlango kwa chaki, kila mwisho wa mwezi. Mkiona amerefuka ghafla, huo ndio wakati wa kupunguza kazi ya mikono, hata kama haumwi.

Na bendeji? Bendeji inakumbusha, haibebi. Mzigo unapita vilevile. Vilinda kifundo vigumu vinavyouzwa maduka ya michezo huzuia kifundo kisipindike nyuma sana, navyo husaidia wengine, lakini bei yake si ya mtoto wa Bokoli, na haviponyi kidonda kilichopo.

Kama maumivu yameshaanza, acha kuweka uzito kwenye mkono siku ileile. Usimeze dawa ili ucheze. Dawa inanyamazisha kengele, moto unaendelea kuwaka. Barafu inasaidia. Tuliipata kwa muuza soda. Ifungwe kwa kitambaa, isiguse ngozi, dakika kumi na tano hivi, mara mbili tatu kwa siku. Maji moto ya Kukhu si mabaya kwa misuli iliyokakamaa ya siku nyingi, lakini si kwa kifundo kilichovimba. Kukanda kwa nguvu na kuvuta juu ya gegedu lililoumia ni kuliumiza tena. Nilimweleza Kukhu hivyo, akafikiri, akasema, “Kumbe mfupa wa mtoto ni kama muhindi mbichi.” Ndiyo, Kukhu, kabisa.

Kurudi mchezoni kunafuata ngazi. Subiri mpaka ubonyeze mfupa bila kuumwa, na mikono yote iwe na nguvu sawa. Halafu anza kusukuma ukuta, baadaye kusukuma meza, baadaye pushapu za magoti, kisha za kawaida, kisha kusimama kwa mikono miguu ikiwa ukutani. Samasoti ndiyo ya mwisho kabisa. Kila ngazi wiki moja hivi. Maumivu yakirudi, unashuka ngazi moja.

Kuna wakati ambao si wa kusubiri. Maumivu yanayozidi wiki moja hata baada ya kupumzika, kuvimba, kuamka usiku kwa sababu ya mkono, au vidole kufa ganzi, yote hayo ni ya hospitali. Na kuna moja la hatari sana: kuanguka na kujizuia kwa kiganja, halafu unaumwa kwenye kile kishimo chini ya gumba kinachoonekana ukiinua gumba juu. Hapo kuna mfupa mdogo ambao damu inaufikia kwa shida. Ukivunjika, picha ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe kitu. Hufungwa hata hivyo, na picha hurudiwa baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Usifurahie picha ya kwanza ukatupa bendeji kichakani.

Nimesikia wengine wakisema kwamba wakubwa wa mchezo huu hawakupumzika. Tuangalie. Mwaka wa 1976 huko Montreal, Nadia Comăneci wa Romania, miaka 14, alipata alama kumi kamili, ya kwanza katika jimnastiki ya Olimpiki. (Kenya hatukuwako. Tulisusia pamoja na nchi nyingi za Afrika kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imeenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu.) Leo Nadia wa miaka 14 hangeruhusiwa. Tangu mwaka wa 1997 msichana lazima afikishe miaka 16 mwaka ule wa mashindano ya wakubwa, na hoja kubwa ilikuwa afya ya miili inayokua. Simone Biles wa Marekani alishinda dhahabu nne Rio de Janeiro mwaka wa 2016, akiwa na miaka 19, na dhahabu tatu Paris mwaka wa 2024, akiwa na miaka 27. Hapa kwetu pia sarakasi imekuwa kazi ya watu wazima: Nairobi kuna Sarakasi Trust, iliyoanzishwa mwaka wa 2001, ambako vijana hufunzwa. Kwa hiyo mtu wa miaka kumi na moja hana haraka yoyote.

Nimetaja kumi na moja kwa sababu huo ndio umri wa mdogo wangu. Mwezi wa Februari mwaka huu nilimwona akiinuka kutoka mkekani kwa ngumi badala ya kiganja. Nikamwita, nikabonyeza radiasi yake juu kidogo ya kifundo, akaruka. Alikuwa ameumwa siku tisa, hajamwambia mtu, maana kikundi chao kina onyesho. Alilia nilipomwambia hachezi, akaniita mchawi. Baba alimpeleka kupigwa picha, gegedu lilikuwa bado safi. Alipumzika wiki sita. Wiki hizo alijifunza kurusha mipira mitatu bila kuangusha, na sasa amefika ngazi ya kusimama ukutani. Bado hajaniomba msamaha kwa ile ya mchawi.

Vile vishikio vya mbao nilivyotaja ni vipande viwili vya mti mviringo, unene wa kushikika vizuri, kila kimoja kimepigiliwa juu ya vigingi viwili na ubao wa chini ili kisipinduke. Anayetaka kuona vinavyotengenezwa anipate chini ya mwembe Alhamisi baada ya saa kumi, lakini aje na misumari yake, ya nchi tatu, maana yangu imeisha.